Mti Ameinama

Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza akiandika "mti ameinama", mwalimu huizungushia wino mwekundu na kuandika pembeni neno moja: upatanisho. Mti umeinama, miti imeinama. Wasomaji wa jarida hili wanalijua hilo hata wakiamshwa usiku wa manane. Mimi pia nalijua. Lakini usiku mmoja wa mwezi wa nane, mwaka juzi, niliandika sentensi hiyo kwenye simu, nikaituma Lubumbashi, nikaisoma tena ikiwa imekwisha kwenda, nikaliona kosa, nikaliacha lilivyo.

Nilikuwa Liège, Ubelgiji, kwa yaya wangu aliyejifungua mtoto wa kwanza kwa kupasuliwa. Mama ndiye aliyepaswa kwenda kumhudumia, lakini shinikizo lake la damu lilipanda na daktari akamkataza ndege. Nikaenda mimi. Likizo niliyoitenga kwa ajili ya kazi yangu ya mwisho wa mwaka ikaishia kwenye kufua nguo za mtoto na kupika bukari kwa unga unaouzwa huko kwa vipakiti vidogo kama dawa.

Sebuleni, mkabala na kiti ambacho yaya alinyonyeshea, palikuwa na akwariamu ya shemeki. Haikuwa kubwa, lita 60 tu. Ndani mlikuwa na samaki wawili wadogo waliopenda kujificha, konokono mmoja, mawe yenye matundu, na juu ya mawe hayo vitu vitatu nilivyovidhania kuwa mimea. Maji yake yalikuwa ya bahari, lakini bahari ya kutengenezwa nyumbani. Shemeki huchukua maji yaliyochujwa mpaka hayana kitu ndani yake, hutia chumvi maalumu, hukoroga, hupima, mpaka afikie gramu 35 hivi kwa lita, kiasi ambacho bahari nyingi za dunia zinacho.

Vile vitu vitatu vilikuwa matumbawe laini. Neno "tumbawe" tulilikuta sote darasani, tuliposoma juu ya miji ya pwani, Kilwa na Gedi na Zanzibar, iliyojengwa kwa mawe yake. Kwetu sisi wa Katanga ni neno la kitabuni. Nililijua miaka mitatu kabla ya kuiona maana yake. Na nilipoiona haikufanana na jiwe hata kidogo, kwa sababu aina hii haijengi jiwe. Ina mwili kama nyama ya sikio, na ndani ya nyama hiyo vijisindano vya chokaa visivyoonekana kwa macho. La kwanza, Sarcophyton, lilifanana na uyoga mkubwa wa rangi ya kahawa ya maziwa, uso wake umejaa polipi ndogo kama vinyweleo vilivyosimama. La pili, Xenia, lilikuwa kikundi cha vikono vyeupe vinavyofumba na kufumbua mchana na usiku, kama watu wanaopiga makofi yasiyo na sauti. Watafiti waliolichunguza jamaa yake katika Bahari ya Shamu walieleza mwaka 2013 kwamba mwendo huo huondoa oksijeni inayozidi, ili mwani mdogo unaoishi ndani ya mwili wake uendelee kutengeneza chakula. Mimi sikujua hayo wakati ule. Niliona makofi tu.

La tatu ndilo lililokuwa na hadithi. Kwa wataalamu jina lake ni Capnella, lakini wauzaji huliita "mti wa Kenya", maana lina shina na matawi mafupi manene. Shemeki ni mtoto wa Kenya. Si nchi, ni komini; wasomaji wa Lubumbashi wananielewa. Alizaliwa karibu na soko la Kenya na mama yake aliishi pale mpaka mwisho. Mwaka wake wa kwanza Ubelgiji, katika majira ya baridi, aliingia dukani kununua chakula cha paka wa mwenye nyumba, akaona kibandiko chenye jina hilo juu ya kioo, akasimama. Hakuwa na akwariamu. Alilipa kwanza, akanunua akwariamu baadaye. Aliponieleza hayo alicheka, lakini alikuwa akiuangalia mti wakati wote.

Ni yeye pia aliyeniambia kwamba ni wanyama. Sikuamini vizuri. Kwa kweli hata wenye elimu walikataa kwa muda mrefu: katika karne ya 18 daktari mmoja wa Marseille, Jean-André Peyssonnel, aliyechunguza marijani kwenye maji ya Mediteranea, alieleza kwamba yale yaliyoitwa maua ya marijani yalikuwa wanyama wadogo. Alipoandika Paris, mkubwa wa sayansi wa wakati huo, Réaumur, aliona wazo hilo ni la ajabu mno, akalisoma mbele ya wenzake bila kutaja jina la mwenyewe, kana kwamba anamfichia aibu. Mimi nilikuwa upande wa Réaumur. Nilikubali kwa mdomo kwamba ni wanyama, huku nikiendelea kusema mti unakua, uyoga umefunguka. Ulimi una imani yake.

Katikati ya mwezi wa saba mama yake shemeki alifariki. Habari ilikuja jioni. Tiketi ilipatikana kwa ndege ya asubuhi. Kati ya simu na mizigo na mtoto anayelia, shemeki aliketi dakika kumi akaniandikia karatasi ya maagizo. Akaiandika kwa Kiswahili, yeye ambaye kwa miaka mingi huandika Kifaransa tu, kwa sababu shemeki yake anasoma lugha na alitaka kuniheshimu. Karatasi hiyo ninayo bado. Inasema taa zinajiwasha zenyewe. Inasema nisibadilishe maji, atabadilisha akirudi baada ya siku kumi. Kisha inasema: "Kila asubuhi ongeza maji mpaka mstari mwekundu. Maji tayari yako ndani ya bidoni."

Isome tena sentensi hiyo ya mwisho. Chini ya kabati la akwariamu mlikuwa na bidoni ya buluu, na juu yake kipande cha karatasi kilichoandikwa TAYARI. Kwenye korido palikuwa na bidoni nyeupe isiyo na maandishi. Mwandishi alikusudia kwamba maji yameshawekwa ndani ya bidoni, ile nyeupe ambayo yeye huitumia kila siku na ambayo kwake haikuhitaji jina. Msomaji, ambaye wiki chache kabla alikuwa amefaulu mtihani wa sintaksia kwa alama asizochoka kuzitaja, alisoma "maji tayari" kama kirai kimoja na akaenda kwenye bidoni ya buluu. Na bidoni ya buluu ilikuwa na maji ya chumvi, tayari kwa siku ya kubadilisha.

Kila asubuhi maji yalikuwa yameshuka kidogo. Nusu lita ilitosha kuyarudisha kwenye mstari mwekundu. Nilimimina kwa kikombe, taratibu, kama mtu anayemnywesha mgonjwa.

Siku ya kwanza nilipiga picha kadhaa, maana yalikuwa mazuri. Kumbuka picha hizo.

Siku kumi za shemeki zikawa wiki tatu, kisha wiki tano. Nani anamaliza kilio cha mama yake kwa siku kumi? Kulikuwa na nyumba, na ndugu, na maneno juu ya nyumba.

Kwenye siku ya nane uyoga ulijifunga. Vinyweleo vyote vilizama ndani, uso ukawa laini wenye kung'aa kama umepakwa nta. Shemeki alikuwa amenionya kwa mdomo, mlangoni, mkoba begani: uyoga ukinuna, uache. Ni tabia yake. Mara kwa mara hujifunga siku kadhaa, pengine hata wiki mbili, hutengeneza utando juu ya ngozi yake, kisha huuvua pamoja na mwani na uchafu ulioshika, na kufunguka upya. Alitumia neno hilohilo, kununa, nami nikalishika. Kwa hiyo siku ya nane sikuhangaika, na huenda kweli ulikuwa unavua ngozi tu. Bahati mbaya ni kwamba maelezo hayo mazuri yaliniziba macho. Siku ya kumi makofi ya Xenia yalipungua, yakawa ya mtu anayesinzia. Siku ya kumi na mbili mti uliinama. Matawi yalilegea, shina likapinda kwenye mkondo wa pampu na halikunyoka hata taa zilipowaka.

Hapo nikaanza kutibu.

Nilisoma mengi katika usiku mbili tatu kuliko nilivyosoma kwa ajili ya mtihani wowote. Nilisoma kwamba mwanga ukizidi matumbawe hujikunja, nikapunguza taa. Nikasoma kwamba mkondo ukipungua uchafu huyakalia, na mkondo ukizidi huyachosha. Nikageuza pampu upande, kisha nikairudisha nusu. Nikasoma kwamba Sarcophyton hutoa sumu ndani ya maji ili kuwafukuza majirani, jambo ambalo ni kweli, nikauhamisha uyoga mbali na Xenia, nikitumia mikono yangu. Dawa ya sumu hiyo ni makaa maalumu ya kuchujia. Nikayatia. (Kwetu Lubumbashi tunasema makala. Makala tunayopikia, makala yanayochuja bahari, na makala unayosoma sasa: ukimweleza Mbelgiji utamchosha.) Nikapima kwa vichupa vya matone vya shemeki: amonia hakuna, nitriti hakuna, nitrati 10, fosfati kidogo, kiasi kilichotakiwa, kwa maana matumbawe laini hayapendi maji matupu kabisa, yanahitaji uchafu kidogo wa kula. Kila kichupa kilitoa rangi nzuri. Kila rangi nzuri ilinitia hofu zaidi.

Kitu kimoja sikukipima. Chombo chake kilikuwa kwenye droo ileile: refraktometa, kama kidarubini, unadondosha tone la maji kwenye kioo chake, unakielekeza dirishani, unasoma mstari wa buluu umeishia kwenye namba gani. Sikukigusa kwa sababu nilikuwa na hoja. Maji ya akwariamu yalikuwa 35. Maji ya bidoni, yaliyotengenezwa na shemeki mwenyewe, yalikuwa 35. Thelathini na tano ukiongeza kwenye thelathini na tano ya namna hiyo inabaki thelathini na tano. Nilimweleza yaya hoja hiyo nikamwona anatikisa kichwa kukubali, ila baadaye alisema alikuwa anasinzia.

Usiku wa siku ya kumi na tano shemeki aliandika: "Mti unaendeleaje?" Walikuwa wamezika siku ile. Niliiona saa, niliwaza yuko wapi, ameketi kwenye kiti cha plastiki uani, watu wanaimba. Nilimtumia picha ya siku ya kwanza. Nikaandika: "Wote wanakusalimu." Akajibu: "Mungu akubariki, shemeki." Siku mbili baadaye akauliza tena, nikamtumia picha nyingine ya siku ileile ya kwanza.

Asubuhi iliyofuata Xenia ilikuwa imeyeyuka. Sijui neno jingine. Jioni vikono vilikuwepo, vimelegea. Asubuhi palikuwa na kitu cheupe kama uji uliomwagika juu ya jiwe, na konokono amekaa kando yake. Nilifungua kifuniko na harufu ikanipiga. Nimekulia karibu na mashamba. Najua harufu ya majani yaliyooza, ya mihogo iliyolowekwa ikasahauliwa, ya maua ya makaburini. Hii haikuwa harufu ya mmea. Ilikuwa ya samaki, ya soko la samaki mchana wa joto. Niliondoa uji ule kwa bomba jembamba nikifunga pua kwa bega. Kilichobaki juu ya jiwe ni doa.

Jumapili moja kabla ya hapo nilikuwa nimekwenda kwenye nyumba ya makumbusho ya Chuo Kikuu cha Liège, ng'ambo ya mto Meuse, ambako kuna akwariamu kubwa na pia matumbawe yaliyoletwa kutoka Great Barrier Reef ya Australia na msafara wa wanasayansi wa Ubelgiji mwishoni mwa miaka ya 1960. Ni mifupa mizuri, myeupe, mingine mipana kama meza. Nilikumbuka mifupa ile nikiwa nimeshika bomba. Aina ya shemeki haiachi mfupa wa kuweka kabatini. Ikifa asubuhi, mchana huna cha kumwonyesha mwenyewe.

Ndipo nilipompigia simu bibi mmoja mstaafu wa mtaa wa pili, ambaye shemeki alikuwa ameandika namba yake chini kabisa ya karatasi, na ambaye nilikuwa nimeona aibu kumsumbua. Alikuja na kikapu kama mkunga. Hakuangalia akwariamu kwanza, aliniuliza. Tangu lini? Lipi lilianza? Limejifunga moja au yote? Akanieleza kanuni yake, nami naiandika hapa kwa sababu sikuiona mahali kwa uwazi huo: likinuna moja, tafuta jirani yake au pale lilipokaa, yakinuna yote, tafuta maji. Kisha akauliza nimebadilisha nini. Nikamhesabia: taa, pampu mara mbili, mahali, makaa, chakula. Akanitazama kwa huruma.

"Sasa yakifunguka kesho," akasema, "utaishukuru ipi?"

Akaomba refraktometa. Kabla ya kuitumia aliijaribu kwa tone kutoka kwenye kichupa chake mwenyewe, maji maalumu ya 35 kamili, maana chombo kinachodanganya ni kibaya kuliko kukosa chombo. Kilisoma 35. Akakifuta, akadondosha maji ya akwariamu, akanipa nisome mwenyewe. Mstari ulikuwa kwenye 40.

Nilimwambia haiwezekani, nikampa hoja yangu ya thelathini na tano. Alikuwa anatafuta maneno ya kunieleza taratibu, Kifaransa cha kumwelezea mgeni, wakati yaya, aliyekuwa amelala nusu kwenye kiti chake, mtoto kifuani, alipofungua jicho moja.

"Mudogo. Ukipika sombe, maji yakikauka, unaongeza maji ya chumvi?"

"Hapana."

"Basi?"

Maji yanaporuka hewani, chumvi hairuki. Nusu lita iliyopotea kila siku ilikuwa maji matupu. Nusu lita niliyorudisha ilibeba gramu 17 na zaidi za chumvi. Siku kumi na nane, lita tisa, gramu mia tatu na kitu ndani ya lita 60. Hesabu inatoa tano juu ya thelathini na tano, na refraktometa ilisema vivyo hivyo. Mtoto wa darasa la sita angeipata. Bibi alisema kosa hili analijua, kwamba wengi huanza nalo, na kwamba 40 yenyewe si kifo: kaskazini ya Bahari ya Shamu chumvi inafika huko na matumbawe yanastawi. Lakini yale yamezaliwa humo. Haya yangu yalikuwa yamepandishwa mlima bila kuulizwa.

Nilitaka kuyashusha siku ileile. Akanikataza kwa nguvu kuliko alivyosema jambo lolote. Mwili laini uliokwisha kuzoea chumvi nyingi ukitiwa ghafla kwenye maji mepesi hunywa maji na kuvimba. Unaweza kuua kwa dawa kile ambacho ugonjwa haukukiua. Tulipiga hesabu mezani, kwenye kisogo cha karatasi ya maagizo. Kutoa lita moja na nusu na kurudisha maji yasiyo na chumvi hupunguza karibu gramu moja kwa lita. Kwa hiyo lita moja na nusu kwa siku, siku tano, kwa bomba jembamba, tone kwa tone, na kando ya hapo nusu lita ya kila asubuhi kutoka bidoni nyeupe. Makaa yabaki. Taa irudi ilivyokuwa, pampu irudi ilivyokuwa. Na nisiguse kitu kingine. Hili la mwisho ndilo lililokuwa gumu.

Jioni hiyo ujumbe wa shemeki ulikuja: "Na konokono naye amekufa? Kwa picha zote mbili yuko mahali pamoja."

Nilikaa na simu jikoni. Sikuona hasira ndani ya sentensi ile. Ingekuwa rahisi zaidi kama ingekuwepo. Mtu aliye kwenye kilio cha mama yake ameangalia picha mbili kwa makini kiasi cha kuhesabu mahali pa konokono, akajua, na akanitafutia mlango wa kupitia. Yaya alisema tu, "Mwandikie." Nikaandika yote, bidoni ya buluu, siku kumi na nane, Xenia, picha. Nikafika kwenye kile alichokuwa anakiuliza kweli tangu siku ya kwanza, na vidole vikaandika: "Shemeki, mti ameinama. Matawi yake mawili yameanguka leo."

Niliiona a- ile baada ya kutuma. Ningeweza kufuta na kuandika upya. Lakini nilikuwa nimetoka kunusa harufu ya Xenia siku ileile, na mkono ulikuwa umeandika kile pua ilichokijua. Kwa muda wa wiki tatu nilitunza pambo: lina mstari wa maji, lina taa, limefunga, halijafunga. Ungeniuliza kama lina uhai ningesema ndiyo, kama mti wa embe una uhai. Sikuwahi kujiuliza kama ana kiu.

Jibu lilikuja kesho yake mchana. Halikutaja picha. Lilisema: "Matawi usiyaokote. Anaweza kuangusha akiumwa, anaangusha pia akitaka kuzaa. Acha." Sijui kama aliandika a- kwa kunifuata au kwa sababu kwake siku zote imekuwa hivyo. Sijamuuliza.

Siku ya tano refraktometa ilisoma 35 na kidogo. Hakuna aliyefunguka. Siku ya sita, hakuna. Hapa ndipo nilipojifunza kwa yaya kuliko kwa yeyote. Mtoto wake alikuwa na kilio kimoja tu, kwa njaa, kwa tumbo, kwa kulowa, kwa usingizi, na nilikuwa nimemwona kila usiku akifanya jambo moja, kisha akikaa kimya na kungoja kabla ya kufanya la pili. Mimi ningembadilisha nguo, kumnyonyesha na kumbeba mgongoni kwa wakati mmoja, kisha nisijue alikuwa analilia nini. Basi nikaketi mbele ya kioo, mikono chini ya mapaja, nikiandika namba moja kila asubuhi. 35. 35. 35.

Siku ya tisa Sarcophyton alivua ngozi. Utando ulitoka vipande vipande, kama ganda la kitunguu, ukachukuliwa na mkondo, na jioni vinyweleo vichache vilichungulia upande wenye mwanga. Siku mbili baadaye alikuwa amefunguka wote. Mti alichelewa. Alinyoka kwanza asubuhi tu, akainama tena mchana. Kisha mchana pia. Alipoteza matawi manne kwa jumla, na kwa upande mmoja ana kovu mpaka leo, naliona kwenye picha yaya anapopiga ya mtoto. Nilitii agizo la kutookota. Matawi yalizunguka na mkondo siku kadhaa kama takataka, mawili yakapotea nyuma ya mawe. Moja lilikwama kwenye mwanya wa jiwe, karibu na doa la Xenia, na nilipojaribu kulisukuma kwa unyoya wa kuku halikusogea. Lilikuwa limeshika. Limeshika, ameshika: kuhusu tawi lililokatika sijaamua, na ningependa kusikia maoni ya walimu wangu wa mofolojia.

Shemeki alirudi mwisho wa mwezi wa nane, amekonda, na unga wa muhogo kwenye sanduku. Alimbeba mtoto kwanza, muda mrefu. Kisha, akiwa bado amevaa koti, alichuchumaa mbele ya kioo. Nilisimama nyuma yake. Nilitaka kusema jambo juu ya mama yake na jambo juu ya Xenia, na maneno ya yote mawili yalikuwa yamechanganyika. Alihesabu kwa kidole bila kugusa kioo: uyoga, mti, tawi. Pale kwenye doa kidole kilisimama kidogo.

"Bibi ana mtoto wa Xenia hii," akasema. "Nilimpa mwaka juzi. Tutamwomba kipande."

Akainuka, akaenda korido, akarudi na bidoni zote mbili na kalamu nene. Kwenye ile ya buluu alibandua TAYARI na kuandika CHUMVI. Mbele ya ile nyeupe alisita. Akaniuliza, mimi mwenye lugha, maji yasiyo na chumvi yanaitwaje kwa Kiswahili sanifu. Nikamwambia: maji baridi. Akanitazama.

"Ningeandika hivyo," akasema, "ungeyatia kwenye friji."

Akaandika: HAPANA.